Kamba ya Enesi

Enesi alikufa mwezi wa nne, mvua zikiwa bado hazijakatika, mwaka ule bei ya kahawa ilipoanguka hadi watu wa Iyula wakaanza kuing'oa kwa majembe. Aliomba azikwe chini kabisa ya shamba, karibu na kijito, pale alipopanda mche wake wa kwanza. Mumewe, mzee Isaka Halinga, akamzika hapo hapo. Kaburini walimwomba aseme neno, akatikisa kichwa.

Hakuwa msemaji tangu ujana wake. Enesi ndiye aliyekuwa akisema kwa ajili ya wote wawili, na alisema vya kutosha. Isaka hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Enesi naye hakukaa, ila yeye alikuwa na kamba.

Alipokuwa msichana alimchotea maji fundi mwashi aliyekuja kujenga kanisa. Fundi alikuwa na kamba ya duara, imegawanywa kwa mafundo sehemu kumi na mbili zilizo sawa. Akiivuta kwa vigingi vitatu, sehemu tatu upande huu, nne upande ule, tano upande wa mwisho, kona ya msingi inakaa sawa. Enesi aliuliza kwa nini iwe hivyo. Fundi alimwambia alete maji.

Basi akasuka ya kwake kwa katani. Kila sehemu aliipima kwa mpini wa jembe, na kila fundo akalifunga kitambaa cha kitenge ili lionekane kwenye majani. Na kwa kuwa hakumwamini yule fundi, akaongeza jambo lake mwenyewe: hakukubali kona yoyote mpaka ameigeuza kamba upande wa pili na kupima tena. Watu walimwita awapangie mistari ya kahawa, awatolee kona za nyumba, na wote walimcheka kwa hiyo tabia yake ya kupima mara mbili. Isaka ndiye aliyemshikia vigingi, miaka zaidi ya thelathini.

"Fundi anaweza kudanganya," Enesi alikuwa akisema. "Kamba ikigeuzwa haiwezi."

Baada ya mazishi Isaka aliitundika ile kamba kwenye boriti juu ya jiko. Hakuigusa tena.

Jirani yake wa siku zote alikuwa Anyelwisye, mtu wa Itumba huko Ileje. Mpaka wao ulikuwa na mawe mawili, moja juu barabarani na moja chini kijitoni, na kati yao hapakuwahi kupita neno baya. Miaka michache baada ya mazishi Anyelwisye alizidiwa na uzee, mwanawe akaja kumchukua amrudishe kwao, shamba likauzwa. Aliyenunua aliitwa Fanuel, mtu wa Tunduma, mwenye biashara ya kuvusha nafaka. Alikuwa mchangamfu, mwenye koti la ngozi hata jua likiwaka, na kila sentensi yake alipenda kuifunga kwa "mukwai", neno la adabu aliloliokota kwa Wabemba wa ng'ambo ya mpaka wa nchi.

Fanuel alileta trekta. Kahawa yote ya Anyelwisye iling'olewa kwa siku mbili, na trekta lilipoondoka, jiwe la chini halikuwepo. Isaka alilitafuta asubuhi tatu. Siku ya nne Fanuel alimkuta akiwa ameinama kwenye matope, akamsalimia vizuri sana, akamwambia asijisumbue. Mpaka, alisema, unajulikana. Ni ule mkuyu.

Mkuyu ulikuwa hatua ishirini ndani ya shamba la Isaka. Ukivuta mstari kutoka jiwe la barabarani hadi kwenye mkuyu, kinakatika kipande kama kabari, chembamba juu na kipana chini. Kwenye ule upana ndipo alipolala Enesi.

Fanuel alikitaka kile kipande ili lori lake lifike kijitoni, maana alikusudia kufyatua matofali. Kuhusu kaburi alijieleza kwa upole. Litahamishwa kwa heshima, na mchungaji, na kwaya. Atagharamia yeye.

"Huyu hahami," alisema Isaka.

Ndiyo maneno yote aliyomjibu.

Mwezi wa sita mwaka huo ikatangazwa kwamba wapimaji wa wilaya watatoka Vwawa, Alhamisi, kupima mashamba ya kijiji ili kila mtu apewe hati yake. Kila mpaka ulitakiwa kukubaliwa na majirani wote wawili kabla wapimaji hawajafika. Jumatatu ya wiki hiyo mwenyekiti wa baraza la ardhi, Lusubilo, akawaita Isaka na Fanuel ofisi ya kijiji.

Lusubilo alikuwa mtu wa haki lakini asiye na subira. Alimwuliza Fanuel mpaka uko wapi, Fanuel akasema ni mkuyu, kila mtu anajua. Watu waliojaa mlangoni hawakukataa wala kukubali. Wengi wao hawakuwahi kufika kule chini. Halafu akamgeukia Isaka. Je, lile jiwe la barabarani, analikubali kwamba lipo mahali pake?

Isaka aliona mtego. Tangu asubuhi alikuwa amejiapia kwamba hatampa yule mtu hata kichuguu.

"Sikubali," akasema.

Barabara je, ndipo shamba lake linapoanzia?

"Sikubali."

Kona ya shamba, ipo namna gani?

"Sikubali."

Mlangoni wakaanza kucheka. Fanuel akasema kwa sauti ya huzuni ya kuigiza kwamba mzee leo hakubali hata kuwa ni Jumatatu, mukwai. Kicheko kikaingia mpaka ndani. Lusubilo hakucheka. Alifunga daftari lake.

"Mzee Isaka," alisema, "mtu asiyekubali chochote hana pa kuanzia. Na mimi sina pa kukusaidia. Jumatano tutakutana shambani. Ukija tena bila pa kuanzia, nitaandika mkuyu."

Isaka alitoka akiwa ameinua kichwa. Njia nzima alikishikilia hivyo hivyo. Alipofika nyumbani alikaa kwenye kiti cha Enesi, jambo ambalo huwa halifanyi, akaona kwamba ameshindwa vibaya na hajui ameshindwa wapi.

Kesho yake alikuja Sekela, mjukuu wake, mwalimu wa hisabati katika sekondari moja upande wa Vwawa. Shule zilikuwa zimefungwa. Alimkuta babu yake kwenye kichanja cha kahawa, akichambua punje zilizokunjamana, umande bado haujakauka kwenye nyasi.

"Mume wangu," Sekela alisema, "nasikia umeikataa hata Jumatatu."

"Nani kakwambia, mke mdogo?"

"Kondakta. Yule wa gari la Vwawa. Alinihadithia kabla sijakaa."

Isaka akasogea kumpa nafasi. Walichambua kahawa pamoja kwa muda. Sekela hakuharakisha, alimjua babu yake. Mwisho Isaka alimweleza yote, kwa maneno yasiyojaa kiganja, na akamaliza kwa kusema kwamba hakumpa Fanuel kitu.

"Hukumpa kitu," Sekela alisema. "Na wewe hukubakiwa na kitu."

Kisha akamweleza anavyoanza darasa lake kila mwaka. Huwa hathibitishi kila kitu. Anaanza na mambo machache sana anayowaomba watoto wayakubali tu: kwamba kati ya alama mbili mstari ulionyooka ni mmoja, kwamba kona sawa, ile ya digrii tisini, ni ile ile, iwe Iyula au Tunduma. Vitabu vinayaita postuleti. Kutoka hayo machache ndipo wanapata mengine mengi, na katika hayo mengine hakuna linalopita bila kuthibitishwa. Hayo huitwa thioremu.

"Majina magumu," alisema Isaka.

"Maana yake nyepesi. La kukubali, na la kuthibitisha."

"Na mtoto akilikataa lile la kukubali?"

"Siwezi kumlazimisha. Ila darasa linaishia hapo, kila mtu anakwenda kwao. Ndivyo ulivyofanya jana."

Isaka alitupa punje mbovu chini. Akasema kwamba kwa anavyojua yeye, mtu anayetaka kitu chake kikubaliwe bila kuthibitishwa, ni mwizi.

"Ndiyo maana yanakuwa machache, babu. Na madogo. Yale ambayo hata adui yako atayakubali kabla hajajua yatampeleka wapi. Sasa Fanuel kafanya nini? Kile anachotaka kukipata mwishoni, kakiweka mwanzoni. 'Mpaka ni mkuyu, kila mtu anajua.' Mkuyu ni wa kuthibitishwa. Yeye kauvalisha nguo za kukubaliwa akauleta mbele ya baraza, na hakuna aliyemvua."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu uso wa mzee ulifunguka. Alipangusa mikono kwenye suruali. Akasema vizuri, kesho atafanya vile vile. Atawaambia mpaka ni kaburi la Enesi, kila mtu anajua.

Sekela aliendelea kuchambua, mikono yake ikawa mizito.

"Sema," alisema Isaka.

"Kaburi la bibi nalo ni la kuthibitishwa."

Isaka aliinuka kwenye kibao alichokalia. Alimtazama mjukuu wake kama mtu asiyemjua, akaondoka kuteremka shambani bila fimbo.

Alikaa kule chini mchana kutwa. Upande wa pili udongo wa Fanuel ulikuwa umefumuliwa, mwekundu, na mashina ya kahawa yamelundikwa yakisubiri moto. Upande wake mistari ya Enesi ilipinda kufuata mteremko, maana huku chini aliipanda hivyo ili maji ya mvua yasichukue udongo. Haikuweza kumwambia mtu mpaka ulipita wapi. Pale kaburini saruji ilikuwa imepasuka kidogo kwenye kona.

Aliwaza kwa hasira kwanza. Baadaye hasira ikachoka, akabaki anawaza tu. Wapimaji, baraza, Fanuel, hata huyu mtoto, wote walitaka athibitishe. Haya. Lakini kutoka wapi? Yeye na Anyelwisye, siku ile ya kwanza, walikubaliana nini hasa, kabla ya kaburi, kabla ya kahawa, kabla jiwe la chini halijawekwa?

Alikumbuka Enesi akiwa amesimama barabarani na mtoto mgongoni, kamba begani, akiwafokea wanaume wawili wasimpotezee asubuhi. Semeni mnachokubali, alisema, halafu mkae pembeni. Nao wakasema. Hili jiwe hapa. Hii barabara, imenyooka, hatugombani nayo. Na kila mmoja ashuke kwa kona sawa kutoka barabarani, asimwegemee mwenzake. Basi. Jiwe la chini hawakulikubali wao. Jiwe la chini lililetwa na kamba.

Alirudi jioni, jua likiwa bado kwenye paa. Alipanda kwenye kigoda akaitoa kamba kwenye boriti. Ilikuwa nyeusi kwa moshi, vitambaa vya kitenge vimepauka.

"Ni matatu," alimwambia Sekela. "Ninayo matatu."

Jumatano walikuja wengi kuliko waliohitajika. Fanuel alikuja na vijana wake wawili na ile karatasi yake ya mauziano kwenye bahasha ya plastiki. Ukungu ulikuwa haujainuka sawasawa. Lusubilo alifungua daftari akiwa amesimama, akamwuliza Isaka kama leo amekuja na pa kuanzia.

Isaka alisema amekuja. Ila ana maswali matatu ya kumwuliza jirani yake, na anaomba majibu yaandikwe.

Fanuel alicheka, akasema aulize hata thelathini.

La kwanza lilikuwa jiwe la barabarani. Je, analikubali kuwa lipo pale pale lilipokuwa siku aliponunua? Fanuel alilikubali bila kufikiri. Mstari wake wa mkuyu nao ulianzia hapo. La pili lilikuwa barabara. Imenyooka, au imepinda? Hapo Fanuel alifurahi. Ule upande wa barabara ndio aliokuwa akijivunia kwa wenzake wa Tunduma. Imenyooka kama rula, alisema, kutoka jiwe la mwisho la Isaka kule kushoto, kupita hili la katikati, hadi jiwe lake la mwisho kule kulia. Akawaambia watu wainame watazame wenyewe. Wakainama. Ilikuwa imenyooka.

Kuhusu la tatu Isaka alisema yeye hajui kusoma, anaomba jirani yake amsomee namna shamba lake lilivyoandikwa. Fanuel aliitoa karatasi kwa maringo, akasoma kwa sauti, akisimama kwenye kila nukta: shamba lenye pande nne na kona nne zilizo sawa.

"Kona sawa," alisema Isaka. "Hata hii, ya hapa kwenye jiwe?"

"Zote nne, mukwai."

"Unakubali?"

"Nimelinunua hivyo. Nitakataaje?"

"Andika," Isaka alimwambia Lusubilo. "Nimemaliza kuomba. Yaliyobaki siombi."

Alipiga magoti kwenye jiwe, polepole, goti moja kisha lingine. Fundo la mwanzo akaliweka kwenye jiwe. Sekela akavuta sehemu nne kando ya barabara upande wa kulia, na mmoja wa vijana wa Fanuel, kwa kuwa alisimama karibu, akapewa kuvuta sehemu tatu kuelekea ndani ya shamba. Kamba ikavutwa mpaka ikalia. Pale ilipokaza shambani, Isaka akapigilia kigingi.

Watu wakadhani amemaliza. Lusubilo mwenyewe alishaanza kuandika.

"Bado," alisema Isaka. "Inageuzwa."

Akaigeuza. Sehemu nne sasa zikaenda kushoto kando ya barabara, zile tatu zikarudi shambani, kamba ile ile, mafundo yale yale. Ilipokaza, akapigilia kigingi cha pili.

Vigingi havikukutana. Kati yake ulibaki upana wa kiganja.

Fanuel alisogea kuvitazama, kwa upole wake ule ule. Kamba ya marehemu imelegea, alisema, moshi umeila, siyo kosa la mtu. Ila sasa wote wameona kwamba mzee ana kona mbili, na kwenye karatasi imeandikwa moja. Nyuma wakacheka. Mtu mmoja akasema achague anayoipenda.

Isaka alibaki amepiga magoti. Hakuwa anawasikia. Alikuwa anaitazama mikono yake, na juu yake aliiona mikono mingine, yenye kovu la panga kwenye kidole cha shahada, ikifanya kitu ambacho aliiona ikikifanya mara mia bila yeye kuuliza. Alikata kipande cha kamba ya mgomba, akapima ule upana kati ya vigingi viwili, akaikunja katikati, na kwenye mkunjo akapigilia kigingi cha tatu. Vile viwili vya kwanza akaving'oa.

"Hapa," akasema.

"Kwa nini hapo?" aliuliza Lusubilo.

Mzee hakuwahi kueleza jambo refu maishani mwake. Alisimama kwanza.

"Kamba ni mbovu," alisema. "Sikatai. Lakini ubovu wake ni ule ule kulia na kushoto. Kulia imekosea kuja huku. Kushoto imekosea kwenda kule. Imekosea sawa. Basi hiki cha katikati kimeigawa barabara mara mbili, upande huu na upande huu, hakuna uliozidi. Barabara imenyooka, mmeikubali. Nusu ya kilichonyooka ndiyo kona sawa. Haitoki kwenye kamba. Inatoka kwenye mliyokubali."

Hakuna aliyecheka. Sekela alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Kila mwaka aliandika ubaoni jambo linalofanana na hilo, na hakuwahi kujua kwamba lilikuwa linaning'inia jikoni kwa bibi yake.

"Bibi alithibitisha," alisema.

"Alikuwa hamwamini fundi," alisema Isaka.

Mstari ukaanza kuteremka. Lusubilo mwenyewe ndiye aliyefumba jicho moja na kulinganisha vigingi, kila kipya kikifichwa na vya nyuma yake, kwa sababu macho ya Isaka yalikuwa na ukungu na hakutaka mtu aseme ameupinda. Watu wakafuata. Isaka alikuja wa mwisho, akitazama chini.

Aliogopa. Hilo hakulisema. Tangu jana alijua kitu ambacho hakumwambia hata Sekela: kwamba hajui mstari utatokea wapi. Kaburi lilichimbwa na vijana kwenye mvua, haraka, na hakuna aliyepima siku ile. Aliyekuwa akipima ndiye aliyekuwa anazikwa. Kama mstari ungempita Enesi upande usio wake, angebaki na maneno yake mwenyewe mkononi, ameyaandikisha daftarini. Jumatatu angeweza kuamuru. Leo hakuna alichoweza kuamuru. Alihesabu hatua.

Kwanza walifika kwenye migomba. Ilikuwa kichaka kizuri, mashina kumi na manne, Enesi aliyaleta kutoka kwao kama machipukizi akiwa ameyafunga kwenye khanga. Kigingi cha Lusubilo kilisimama upande wa ndani wa kichaka, kwa Isaka. Migomba yote ikabaki nje, kwa Fanuel.

Fanuel aliona kabla ya mtu mwingine. "Na hii migomba?" aliuliza.

Isaka aliitazama.

"Yako," akasema. "Mstari haukuniuliza."

Wakaendelea. Mteremko ukawa mkali, wakawa wanashikana mikono. Kigingi cha mwisho Lusubilo alikipigilia ukingoni mwa kijito, akasimama, akageuka kutazama juu alikotoka, kisha kando. Alianza kutembea kutoka kwenye mstari kwenda kaburini, akikanyaga kisigino kwa kidole, watu wote wakimtazama miguu.

Kaburi lilikuwa kwa Isaka. Kutoka mstarini hadi kwenye saruji zilikuwa hatua mbili na nusu. Mkuyu ulikuwa mbali huko nyuma, hauhusiki.

Vijana wawili wa kijiji wakachimba kwenye kigingi wakitafuta dalili ya jiwe la zamani. Hawakukuta kitu ila mchanga na mizizi. Hapo Fanuel akapata sauti. Jiwe halipo, alisema. Na kama jiwe halipo, basi hiki ni kigingi tu, na yeye anayarudisha yale aliyoyakubali asubuhi. Mtu anaruhusiwa kubadili mawazo, mukwai.

Lusubilo alimtazama Isaka. Wote walimtazama.

"Rudisha," alisema Isaka. "Rudisha la jiwe. Hata mkuyu wako hautakuwa na pa kuanzia. Rudisha la barabara, uwaambie na wa Tunduma. Rudisha la kona sawa, kisha umwombe mwenyekiti achane karatasi yako, maana ulichonunua ndicho hicho kilichoandikwa. Mimi sitakushika mkono. Chagua moja urudishe, tusimame tuone unabaki na nini."

Fanuel aliitazama bahasha ya plastiki, akaitazama ile migomba kumi na minne, akatazama juu barabarani ambako shamba lake lilikuwa limenyooka kama rula. Kijana wake mmoja, yule aliyeshika kamba, alimwambia taratibu, kaka, yaache.

Akayaacha. Alisema tu kwamba yeye si mtu wa ugomvi.

Waliandikiana papo hapo, daftari likiwa juu ya saruji ya kaburi kwa sababu ndipo palipokuwa tambarare. Fanuel aliweka sahihi ndefu yenye mikia. Isaka aliweka kidole gumba. Lusubilo aliandika kwa mkono wake kwamba mpaka unashuka kwa kona sawa kutoka jiwe la barabarani, na hakuutaja mkuyu.

Alhamisi wapimaji walikuja na chombo chao cha miguu mitatu. Walishinda kutwa kijijini, na kwa Isaka walikaa chini ya saa moja. Mpimaji kijana alichungulia, akaandika, akachungulia tena, akasema kigingi cha chini kisogezwe upana wa jembe kuelekea kwa Fanuel. Akauliza nani aliyeupima ule mstari.

"Mke wangu," alisema Isaka.

Mpimaji akatazama huku na huku amsalimie. Sekela akamgusa mkono, akamwonyesha kwa macho.

Jioni hiyo Isaka alibeba jiwe kutoka kijitoni, zito kuliko umri wake, akalisimika mwenyewe pale kigingi kilipohamishiwa. Hakutaka kusaidiwa. Sekela aliomba ile kamba aipeleke shuleni, awaonyeshe watoto. Isaka alimwambia asuke ya kwake, apime kwa mpini wake. Ya Enesi inarudi kwenye boriti.

Lusubilo, aliyepita kumjulia hali, alilitikisa jiwe kwa mguu akaona linacheza. Akamshauri alijengee saruji, maana watu wenye trekta ni wale wale na usiku ni mrefu.

Mzee alikuwa anakunja kamba, fundo juu ya fundo, kitambaa juu ya kitambaa, kama alivyoona ikikunjwa.

"Waling'oe," alisema. "Nitalipata tena."